Foronya Isiyoingia Mto

Cherehani ya shangazi yangu ilikaa barazani kwake, Kisarawe, chini ya dirisha la chumba cha ndani. Haikuhamishwa hata mvua ya upepo ikija. Ilifunikwa gunia, sisi tukalowa. Aliachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa fundi wa kanzu, naye akaitumia kutufundisha kudarizi sisi wasichana sita wa jirani.

Enzi hizo za Mwingereza, msichana wa kwetu akishaposwa aliwekwa ndani, haonwi na wanaume mpaka siku ya harusi. Wengi walikaa kwa shangazi, katika chumba kile kile chenye dirisha juu ya cherehani, ili awafunde. Sisi tuliobaki nje tunamshonea mashuka na foronya za kwendea kwa mume. Mmoja anakata bafta, mwingine anapinda, mwingine anadarizi. Sheria ya shangazi ilikuwa moja tu: mwali hajishonei. Anakaa ndani anasikiliza. Waliotoka mle walituapia kwamba walimjua kila mmoja wetu kwa mlio wa miguu yake kwenye cherehani, na mimi nikawaona waongo.

Kudarizi kwa cherehani si kushona. Unaufungua mguu wake wa chuma unaokandamiza kitambaa, sindano inabaki peke yake inaruka juu na chini, na kitambaa ulichokibana kwenye fremu ya mviringo unakiendesha kwa vidole vyako mwenyewe. Ukienda haraka uzi unakatika, ukisita unafanya fundo. Miezi mitatu shangazi alinitesa kwa vitambaa vibovu, nadarizi majani yanayofanana na mende, anafumua, ananirudishia. "Tena," anasema, hata hanitazami. Nilimchukia, na leo ningetoa chochote niisikie hiyo "tena" yake.

Kisha akaposwa shoga yangu. Alikuwa mmoja wetu wale sita, alinizidi miaka miwili, tulichota maji pamoja tangu tukiwa wadogo, na mchumba alikuwa mtu wa Gwata. Naye akawekwa ndani kwa shangazi. Nilimwomba shangazi anipe foronya moja tu ya shoga yangu niidarizi ua la katikati. Alinitazama sana, akasema, "Ukiiharibu, umemwaibisha yeye, si mimi wala wewe." Akanipa.

Foronya hudariziwa ikiwa bado kitambaa kitupu, halafu ndipo ubavu unafungwa. Hiyo yangu mwenzetu mmoja alikuwa amewahi kuifunga. Nilitakiwa nimrudishie aifumue. Lakini nilikuwa na haraka na kiburi, nikabana upande wa juu kwenye fremu nikaanza. Nilihisi cherehani imekuwa nzito kidogo, nikadhani inataka mafuta. Ua likatoka zuri ajabu, jekundu, majani yake majani kweli. Nilipoitoa kwenye fremu ndipo nikaona kwamba upande wa chini nao ulikuwa umeingia chini ya sindano. Nilikuwa nimezishona pande mbili pamoja, katikati kabisa. Mto usingeingia humo hata kwa kusukumwa kwa mchi.

Kufumua kungeacha matundu kama chujio. Kusema kungeninyima cherehani. Basi nikaipiga pasi ya mkaa, nikaikunja vizuri, nikaisukumiza chini kabisa ya furushi. Nasema bila kujitetea: nilijua ninachofanya.

Asubuhi ya harusi wanawake wa Gwata walikaa mkekani kukagua vitu vya mwali. Mwali mwenyewe alikuwa ameketi kati yao, kajifunika ushungi. Shangazi yake bwana harusi, mama mnene mwenye macho makali, alikuwa anatia mkono ndani ya kila foronya kuona mshono. Alipofika kwenye yangu mkono ukaingia hadi kiwiko, ukagota. Akausukuma. Ukagota. Mwanamke mmoja akaanza kucheka kwa pua.

"Hii ndiyo nini?" akauliza.

"Huo ni mto wa mtoto wa kwanza, mama," shangazi yangu akajibu papo hapo, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Unatiwa sufi, mdomo unafungwa. Ua linabaki katikati kama kitovu chake."

Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa nimeshakimbilia jikoni. Sikutoka hata kumuaga shoga yangu, akapelekwa Gwata bila neno langu. Shangazi hakunipiga, na heri angenipiga. Alinipa kupinda mapindo mwaka mzima, kisha siku moja akaniwekea fremu mapajani na kwenda zake.

Kwa shoga yangu sikutuma salamu. Nilisikia amejifungua mtoto wa kike. Kila aliyetoka Gwata nilitaka kumuuliza kama shoga yangu amenisamehe, nikaogopa jibu.

Miaka miwili baadaye nikaposwa mimi, mtu wa Magindu, nikawekwa mle mle chumbani. Siku ya tatu nilijua kwamba wale waliotoka mle hawakusema uongo. Huyu anakanyaga kwa pupa, huyu anasita kwenye kona. Lazima shoga yangu naye alikuwa amelala hapa siku ile, akaisikia miguu yangu na cherehani ilivyokuwa nzito, akaingia kwenye harusi yake akijua kosa langu. Nilijifunika uso kwa kanga, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona.

Wiki ya harusi ikaja miguu nisiyoijua. Ilikuwa taratibu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kudarizi. Nikaisikiliza. Mara mlio ukawa mzito. Nikangoja miguu isimame, kama inavyosimama ya mtu aliyegundua kosa. Haikusimama. Iliendelea polepole mpaka mwisho wa ua.

Siku ya kukagua, mama wa Magindu akatia mkono kwenye foronya ya tatu. Ukagota. Chini ya ushungi nikangoja kicheko cha pua.

"Huo ni mto wa mtoto wa kwanza, mama," sauti ikasema kutoka mlangoni, sauti ya shoga yangu ambayo sikuwa nimeisikia tangu aolewe. "Unatiwa sufi, mdomo unafungwa. Muulizeni mwali, anaujua. Wangu ana mwaka sasa anaulalia, na ukifuliwa analia mpaka ukauke."

Nililia na kucheka pamoja, ushungi ukatikisika, shangazi akanifinya paja.

Mwaka uliofuata, nilipojifungua, shoga yangu alikuja Magindu na mfuko wa sufi kichwani. Tulikaa uani, yeye akishika mdomo wa foronya, mimi nikijaza.