Sukari Kwanza

Juzi nilimsindikiza binti yangu kliniki ya watoto, huku Gehandu. Mjukuu wangu alipimwa mapema, uzito umeongezeka, nami nikapiga simu kuutangazia ukoo.

Zamu ikamfikia mama mmoja wa kifugaji, shuka begani. Akamkumbatia mwanawe, akakataa kumtundika kwenye mizani.

"Shikamoo, nesi. Sukari kwanza."

"Marahaba," nesi akaitikia, kisha akajishika kichwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewazoesha kina mama: kila asubuhi, kabla ya mtoto yeyote, hutundikwa pakiti ya sukari ya kilo moja kuona kama mizani inasema kweli. Siku hiyo alisahau.

Akaitundika. Mshale ukaonyesha kilo moja na nusu.

Nilingoja ile kauli ya maofisini: "Unanifundisha kazi?" Badala yake nesi alimshika mama yule mikono yote miwili. "Asante, mama. Umeniokoa." Akarekebisha mizani, akapaza sauti: "Mliokwisha kupimwa, rudini!"

Tukarudi. Kumbe mjukuu wangu alikuwa amepungua. Akaanza kutibiwa palepale.

Nikapiga simu tena kwa ukoo, safari hii kukanusha. Sijawahi kuaibika nikiwa na shukrani kiasi kile.