Barua ya mstari mmoja

Miaka ile ya Chama kimoja, karani wa ofisi moja ya serikali hapa Lubumbashi alimrudishia mama mmoja barua yake. Ilikuwa mstari mmoja tu: "Bomba ya maji imepasuka mbele ya kanisa yetu, Katuba. Mukuye kutengeneza."

"Citoyenne," karani alisema, maana tulilazimishwa kuitana "raia" kwa Kifaransa, "iko fupi sana. Ongeza sifa za Chama, page ijae."

Mama aliegemeza kiwiko dirishani. "Ni nini haukusikia mule?"

"Nilisikia yote."

"Basi, zile sifa zitaziba bomba?"

Foleni nzima tukaganda, maana maneno kama hayo yalifungisha watu. Mkubwa wa karani akatoka ndani, akaisoma barua amesimama, akapiga muhuri. Tulishangilia kama uwanjani.

Jioni maji yalirudi mtaani Katuba.

Mhariri wangu anataka aya moja zaidi. Sina.