Kofia ya Kubebea Jerikeni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kliniki ndogo ya ngozi mjini Tororo nikiwa na mkasi wangu mwenyewe. Sikuwa na cheti. Kushona nilijifundisha nyuma ya duka la vitambaa la baba, Busia, kwa kufumua nguo za mitumba na kuzirudisha zilivyokuwa. Muuguzi Mkuu, ambaye sote tulimwita Sista, hakuniuliza cheti. Alinipa kipande cha kitambaa akanipeleka uani.

"Kitandaze juani, weka mkono nyuma yake," alisema. "Ukiona vidole vyako, basi na jua litaiona ngozi ya mgonjwa wangu."

Hicho ndicho kipimo nilichokitumia miaka yote. Kazi yangu ilikuwa kuwashonea kofia watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuikinga na jua. Ukingo, yaani ile sehemu inayozunguka kofia, lazima ufunike masikio, si uso peke yake. Kofia zenye ulimi wa mbele tu tulizikataa. Nyuma tuliongeza pazia, kitambaa kinachoangukia shingoni. Mafuta ya kukinga jua aliyagawa Sista mwenyewe, na maneno yake bado nayasikia: yapakwe kwa wingi kabla ya kutoka, masikio na shingo visisahauliwe, yarudiwe kila baada ya saa mbili na mara tu mtu akitoka jasho. Hata hivyo, mafuta si ruhusa ya kushinda juani. Anayeweza akae kivulini kuanzia saa nne hadi saa kumi. Na kidonda kisichopona kiletwe mapema.

Sikuwa mtu rahisi wa kufanya naye kazi. Niliweza kufumua kofia moja mpaka kitambaa kikachoka. Nilihofu kwamba siku moja angeingia fundi mwenye cheti, aigeuze kofia yangu ndani nje, acheke. Sista alinivumilia, na kwa hilo namshukuru kuliko anavyojua.

Alinituma vijijini kuwapima watu kofia, kwanza Masaba, kisha Mukuju, halafu Nabuyoga. Huko Nabuyoga ndiko nilikokutana na Athieno, mkulima wa rika langu mwenye ualbino. Alikuwa na kidonda kwenye ncha ya sikio la kushoto. Daktari alianza kukitibu, naye Sista akamwambia wazi kwamba kikiendelea kuunguzwa na jua, huenda sikio likakatwa.

Nikamshonea kofia bora kuliko zote nilizowahi kushona. Ilikuwa ya buluu, ukingo umesimama vizuri, na mbele nilitarizi maua. Nilimpelekea mwenyewe. Kiangazi kilipopamba moto alirudi kliniki, na kidonda kilikuwa kimepanuka.

Nilirudia kipimo cha kitambaa mara nyingi mpaka Sista akanishika mkono. "Zaituni, achana na kitambaa. Nenda ukaone kofia inaishi wapi."

Nilikwenda. Kofia ilikuwa ikining'inia kwenye msumari ukutani, ndani ya mfuko wa plastiki, safi kama siku niliyoitoa. Athieno alikuwa anarudi kisimani jua la mchana likiwaka. Kichwani alikuwa na kata ya majani ya ndizi, ule mviringo wa kutulizia mzigo, na jerikeni ya maji juu yake. Masikio yote mawili yalikuwa wazi.

"Hii ni ya kanisa, dada," aliniambia. "Nzuri namna hii nakwenda nayo shamba, watu nasema nini? Na kisimani, jerikeni nakaa wapi? Juu ya maua?"

Mama mkwe wake, aliyekuwa akianika mtama, alicheka. "Wewe umeshonea sisi bibi harusi. Sasa maji nachota nani?"

Nilicheka nao, lakini njia nzima ya kurudi Tororo nilikuwa nikijifuta machozi. Kesho yake nilishona nyingine kwa kitambaa cha rangi ya udongo. Juu niliiacha bapa na nikashonea humo humo kata ya matambara, ili mzigo ukae bila kofia kuvuliwa. Ukingo niliuacha laini, upana ule ule, na chini kamba ya kidevuni. Maua sikuweka. Sista aliigeuzageuza.

"Ni mbaya," alisema. "Shona nyingine kama hii, ya kubadilishia."

Athieno alikwenda nayo kisimani siku hiyo hiyo niliyompelekea, nami nikamfuata nyuma kama askari. Jerikeni haikutikisika.

Mwezi uliopita niliiacha kazi hii ili nimsaidie baba dukani. Wasichana wawili waliorithi cherehani yangu wananiita mzee, nami nina miaka thelathini na mmoja. Ndio walioniomba niandike jinsi tulivyofanya kazi. Ningependa kuwaambia kwamba wasiwasi huisha, lakini wangu haujaisha.

Siku ya kuagana Athieno alikuja akiwa amevaa ile kofia. Rangi ilikuwa imepauka, kata imelala, na ukingo ulipochanika alikuwa ameushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, mishono mirefu iliyopinda. Mikono ikaniwasha kutaka kuifumua pale pale.

Badala yake niliuinua ukingo upande wa kushoto. Sikio lilikuwepo zima, lenye kovu dogo kwenye ncha. Nikauachia ukingo urudi mahali pake, na uzi wake mwekundu.