Barua Niliyoitunga Siku Nne

Mimi ni Athanasie, kazini wakiniita Mama Aurore, fundi cherehani wa Gahanga. Miaka kumi na minane nilishona sare za shule katika karakana ya Shafiq kule Rwezamenyo, na aliyenitoa pale ni mtu niliyemfundisha kupachika kola kwa mikono yangu. Anaitwa Pudentienne.

Shafiq alipopata chumba Muhima, karibu na wateja, alisema atahamia na mafundi wanne tu. Anayetaka aandike barua aeleze kwa nini anafaa. Akatupa wiki.

Mimi sikusoma, kwa hiyo barua yangu niliitunga kichwani, siku nne, huku nikikanyaga cherehani. Siku ya kwanza yalinijia maneno ya hasira tupu: kiti changu kilichovunjika tangu Pasaka, mpwa wa Shafiq anayetuita vikongwe. Nikayatoa. Siku ya pili nilijisifu mno, nikapunguza. Siku ya tatu nikakumbuka yale mashati mia mbili yaliyoshonwa mikono nyuma mbele, Shafiq akiwa Kampala. Niliyafumua, nikayarudia, na shule haikujua lolote. Hilo nikaliweka mwanzo. Siku ya nne nikapata la kumalizia: "Mteja akiwa na haraka, mimi humuuliza mara ya pili kabla sijashika mkasi."

Ijumaa, wakati wa chakula, nilimtamkia Pudentienne naye akaandika.

"Ee dada, wewe ungekuwa wakili!" alicheka. Akanisomea yote, halikupotea hata neno. Kisha akanisogezea karatasi na wino, nikapiga dole gumba. Sikuuliza kama karatasi ile ndiyo aliyonisomea. Mimi, ninayeuliza mara ya pili!

Jumatatu Shafiq alitukusanya kabla hatujakaa kwenye mashine.

"Sikilizeni barua ya mtu aliyejipa muda," alisema, akaanza kusoma. Mashati mia mbili. Mikono nyuma mbele. Nilikuwa nimeinamisha uso nisionekane ninavyotabasamu, mpaka akafika kwenye jina: Pudentienne.

Akainua nyingine. "'Naomba kwenda Muhima. Asante.' Ah, Mama Aurore! Wiki nzima, na dole gumba lako limeishinda barua kwa ukubwa?"

Wenzangu wakacheka. Nikasimama, nikaisema barua ile mwanzo hadi mwisho, bila karatasi. Kicheko kikakatika. Pudentienne alikuwa anatafuta sindano ambayo haikupotea.

"Umeishika vizuri," Shafiq alisema. "Lakini nimeisoma sasa hivi, kila mtu ameisikia."

"Aliyeitunga anajua hata alichokitoa, bosi. Muulize yeye alitoa nini."

Pudentienne akainama zaidi chini ya mashine. Nikamjibia mimi. Kiti. Mpwa. Yote ya siku ya kwanza, mbele ya watu, bila kupunguza. Mpwa mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni.

Shafiq akakunja karatasi. "Basi, mama. Nimekusikia."

Kazi yangu ilikwisha asubuhi ile; Pudentienne akahamia Muhima. Siku hizi nashonea barazani kwangu, viraka na zipu.

Mwezi uliopita Pudentienne alinitumia ujumbe wa sauti, sauti tamu kama zamani: "Dada yangu, kesho bosi anataka nizungumze na wakuu wa shule. Nipangie maneno mawili matatu tu."

Nilisikiliza, nikasikiliza mara ya pili. Kisha nikamjibu: "Maneno yangu huchukua siku nne. Wewe unayo moja."