Mashavu ya Vidonge

Nilikuwa kwenye duka la dawa pale Kibaigwa. Mbele yangu alisimama mama mmoja anayepepeta mahindi sokoni, anahema kwa pumu. Shoga yake aliyefuatana naye akambonyeza shavu: "Umenawiri! Shemeji anakutunza."

"Shemeji yako hahusiki. Ni vidonge vya pumu. Nimevimeza miaka, vimenivimbisha uso, vimenipandishia sukari, na daktari anasema vinakula mifupa."

"Si uviache leo?"

"Niviache ghafla nife? Daktari ananipunguzia kidogo kidogo, huku navuta dawa ya kupuliza. Hiyo ndiyo nimeifuata."

Muuzaji akasukuma vidonge vilevile mezani. "Mama, ya kupuliza ukiizoea huachi. Chukua hivi, vinakata upesi."

Yule mama akavirudisha kwa kidole kimoja. "Nimesema ya kupuliza. Hivyo meza wewe, upendeze."

Muuzaji akageukia kabati, akaitoa.

Marehemu mama yangu alikuwa akiona uso umejaa, anasema, "Huyo kwake kunaliwa." Wanangu, tuache kupongeza mashavu ya watu. Mwenye pumu akijaa uso, muulizeni anameza nini, na ni daktari gani anayejua.