Mikaratusi ya Fidia Yamzibia Upepo Lukresia

Saa mbili asubuhi, foleni ya ndoo imeshatoka nje ya uzio. Lukresia amesimama mlangoni mwa kibanda cha mashine ya kusaga, macho juu, anatazama feni. Ndivyo wanavyouita mtambo wa upepo hapa Mugeta, wilayani Bunda. Mapanga yake matatu yanazunguka kivivu, yanasimama, yanazunguka tena.

"Kina mama, tusubiri kidogo," anasema bila kugeuka. "Imegoma."

"Tangu jana imegoma, Mama Sabina," anajibu mmoja wao. Anajitwika ndoo yake ya udaga, mihogo mikavu ya kusaga, na kushika njia ya kwenda kwenye mashine ya dizeli, mwendo wa saa nzima kwa miguu.

Lukresia hamwiti. Anaingia ndani, anachukua kitambaa na kuanza kufuta mashine ambayo haijachafuka.

Ana miaka 52, na kibanda hiki ndicho kilichomtoa kwenye vibarua. "Nilikuwaga napalilia pamba za watu mpaka mgongo unakataa," anasimulia. "Msimu ukiisha nakaa tu. Feni ilipokuja nikaanza kushika hela kila siku. Sabina wangu yuko chuo cha uuguzi Musoma sababu ya hii feni."

Mtambo huo ulisimikwa miaka minne iliyopita na kampuni moja ndogo, kwa majaribio. Ukizalisha umeme wa kutosha, mingine kumi ingejengwa kando ya kilima na wenye mashamba wangelipwa kodi ya ardhi kila mwaka. Ukishindwa, ungeng'olewa na kupelekwa kwingine.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri kweli. Kusaga ndoo moja kulikuwa shilingi elfu moja, nusu ya bei ya dizeli. Pembeni ya mashine kulikuwa na friji kubwa la maziwa, na Tausi, mfanyabiashara wa Bunda mjini, alifika na pikipiki kila asubuhi kuyabeba.

"Maziwa ya Mama Sabina yalikuwaga hayachachi hata nikichelewa," anasema Tausi kwa simu. "Sasa friji halipoi. Nimehamia Butiama, ningefanyaje?"

Kilichoharibu ni fidia, tena fidia ambayo hakuna aliyewahi kuiahidi. Wapimaji wa hiyo mitambo kumi walipopita na kamba na vigingi, watu walikumbuka barabara iliyopita kijiji jirani. Kule wenye miti walilipwa, na wenye nyasi tupu wakaambulia pole. Basi kila mtu akakimbilia miche ya mikaratusi, maana inakua upesi, na wakaibananisha ili siku ya kuhesabiwa iwe mingi. Elias, mume wa Lukresia, naye alipanda safu yake upande wa mashariki. Upepo utapita wapi? Hakuna aliyejiuliza.

Miti ikakua, nayo nguzo ya feni hii ni fupi. Leo ukisimama chini yake huoni tena mashariki, unaona majani tu.

Chrispin, fundi wa kampuni kutoka Musoma, aliitisha mkutano na kulisema wazi. "Upepo haujapungua. Miti inaukata kabla haujafika. Kateni ya mashariki tu unakotokea, ile mingine muache."

Walimcheka. Makongoro, mwenye shamba kubwa kuliko wote upande huo, alisimama na kumjibu: "Tukate miti, halafu kesho mje mtulipe nyasi? Hiyo ujanja tunaijuaga!" Mkutano ukaishia hapo.

Shambani kwake, Makongoro hacheki. "Hata mimi naona feni inakufa," anakiri. "Lakini nikate peke yangu? Wenzangu waache ya kwao, walipwe, mimi nibaki na visiki?"

Inauma kumsikiliza, kwa sababu ukiwauliza mmoja baada ya mwingine, kila mwenye shamba hapa anasema hivyo hivyo. Wote wanaijua dawa na wote wanamsubiri jirani.

Kampuni imetoa muda hadi mwisho wa mwezi huu. Hali isipobadilika, mtambo utang'olewa, na Lukresia atarudi kwenye pamba za watu. Sabina amebakiza mwaka mmoja chuoni.

"Ananipigia, ananiuliza, mama, feni inazunguka? Namwambia inazunguka." Lukresia anakunja kile kitambaa. "Namdanganya mtoto wangu mwenyewe."

Mchana anafunga kibanda na kuelekea nyumbani, hatua chache tu kutoka hapo. Elias alifariki mwaka juzi na kuzikwa hapa hapa, kwenye kivuli cha mikaratusi yake. Lukresia anaokota majani makavu yaliyoangukia kaburi.

"Alisemaga hii miti ndiyo pensheni yangu," anasema.

Ameshaongea na mtu wa msumeno wa mashine kutoka Bunda. Jumamosi atakuja kuiangusha safu yote, na nguzo chache za miti hiyo ndizo zitakuwa ujira wake. Chrispin amemwambia ukweli kwamba safu yake peke yake haitatosha, ya Makongoro lazima nayo ianguke. Lukresia anajua. Anajua pia kwamba kaburi litabaki juani.

"Watasema nimechanganyikiwa. Waseme. Makongoro akitoka asubuhi ataona pengo kwangu, halafu ataiangalia miti yake. Mimi sitamwambia kitu."

Na asipokata?

"Basi nitakuwa nimekata bure." Anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Juu ya kichwa chake vilele vinayumba na majani yanavuma, wakati kule kibandani mapanga ya feni hayasogei. Lukresia ananyoosha kidole juu.

"Sikiliza. Upepo huo hapo, unachezea majani. Jumamosi nitaufungulia mlango."