Bolti Ikikataa, Nawa Mikono

Nakumbuka Jumapili moja kule Tabaka, kwenye machimbo ya mawe, mwanangu, jua limewaka baada ya mvua, na mimi nimepiga magoti nyuma ya skuta nikigombana na bolti. Usicheke. Asubuhi hii nimekuona ukiitukana ile bolti ya pikipiki ya mwalimu, nyundo umeinua, uso umekuvimba. Nilipokuambia uende kwanza ukanawe kwenye karai pale mlangoni, ukaguna, "Fundi mzima ananawa kabla ya kushika grisi?" Nilikusikia. Masikio yangu hayajazeeka kama magoti. Basi weka nyundo chini, vuta hilo debe ukae, nikuambie karai lile lilitoka wapi.

Nilikuwa kijana mwenye kiburi cha kutosha kijiji kizima na kubakia. Nilikuwa nimetoka kwetu Magwagwa, kwenye majani chai, nikajifunza ufundi mjini Kisii kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyetengeneza skuta nyuma ya duka lake. Siku hizi pikipiki ni nyingi kuliko mbuzi, lakini enzi zile skuta zilikuwa chache huku milimani, na fundi wa skuta alipokelewa kama mgeni wa harusi. Chai, ndizi, kiti chenye mto. Nikavimba kichwa.

Mwenye skuta alikuwa Momanyi, mchongaji wa jiwe la sabuni, lile jiwe laini la vinyago, rika langu kabisa. Viboko wake wa mawe walionekana kama watapiga miayo ukiwatazama sana. Baba yake alikuwa amefariki, na mkono wa kuume wa Momanyi ndio uliowalisha mama yake na wadogo zake wote. Shika hilo, mwanangu. Mkono wa kuume.

Shoku ya nyuma ya skuta yake, ile springi inayomeza mashimo ya barabara, ilikuwa imekufa. Akipakia gunia la vinyago, kiti kinagonga gurudumu. Shoku ile ilishikwa na nati juu na bolti chini. Nati ya juu ilitoka bila maneno. Bolti ya chini ikakataa. Vumbi jeupe la mawe lilikuwa limeilalia miaka mingi, mvua ikalikanda, kutu ikamaliza kazi. Bolti na chuma vikawa kitu kimoja.

Yule mzee wa mjini alikuwa amenifundisha. "Bolti iliyoganda haifunguliwi kwa nguvu," alikuwa akisema, "inaombwa. Ipe mafuta, ipe muda, kisha ikaze kidogo tu kabla ya kuifungua." Maneno hayo niliyajua kama Baba Yetu. Lakini watu wa boma walikuwa wamekaa wakinitazama, na mimi sikutaka wanione nimekaa nangojea mafuta yapenye. Nikachukua spana yenye mdomo uliolegea, mikono yangu ina grisi mpaka viwikoni, nikavuta kwa nguvu za ujana wote. Spana ikateleza. Nikarudia, ikateleza tena. Bolti ina pembe sita, mwanangu. Nilipomaliza kuipigania kichwa chake kilikuwa mviringo kama jicho la samaki. Pembe zote zimeliwa.

Hapo mwenye akili huacha. Mimi nikakasirika. Nikataka skuta iinuke nyuma nipate mahali pazuri pa kupigia nyundo, nikaangaza macho, nikaona rundo la mawe ya kuchonga kando ya akina mama waliokuwa wakiyasugua kwa msasa na maji. Nikachukua moja, kubwa, bado linachuruzika maji, nikalisukuma chini ya skuta.

Momanyi akainama akalitazama. "Fundi," akasema kwa upole, "jiwe hili si la kubeba mzigo. Lina mshipa hapa katikati."

Nikamjibu nini? Ah, hata leo nikikumbuka nasikia aibu mashavuni. "Wewe chonga viboko wako," nikamwambia, "mambo ya chuma niachie mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Kumbe sikio lilikuwa langu, na aliyekaribia kuumia alikuwa mwingine! Maana Momanyi, badala ya kununa, aliingiza mkono wake ndani, baina ya shoku na bodi, akaishika isiyumbe. Mkono wa kuume. Nami nikapiga nyundo.

Jiwe la sabuni halipasuki kwa kelele. Lilikohoa tu, likafunguka katika ule mshipa, nusu huku nusu kule, na skuta ikaanguka kwa uzito wake wote. Shoku ikalala upande, ikajikaza chini ya bodi. Momanyi akapiga ukelele, "Baba! Baba!"

Wewe umekulia hapa unajua, lakini asiyetoka Kisii angedhani anamwita marehemu baba yake. Kwa Kikisii chetu, "baba" maana yake ni mama. Na mama yake akaja. Mama Bosibori alitoka pale kwenye karai lake la kusugulia mawe, vidole vimejaa unga mweupe, akakuta mwanawe amebanwa kifundo cha mkono ndani ya chuma, na mimi nimesimama nyundo mkononi.

Wanaume wawili walikuja mbio kutoka machimboni. Tukainua skuta. Yesu wangu! Tulipoinua, shoku ikajigeuza pale chini kwenye ile bolti iliyoganda, ikambana zaidi, Momanyi akalia mpaka sauti ikakatika. Tukashusha, haikulegea. Ikawa wazi kwa kila mtu: ile bolti isipotoka, mkono hautoki. Bolti ile ile niliyokuwa nimeila kichwa.

Upande wa pili vidole vyake vilichungulia, vinaanza kubadilika rangi. Mmoja wa wale wanaume akapaza sauti kwamba iletwe nyundo kubwa. Mimi, mjinga, nilikuwa nayo ndogo, nikaanza kupiga tena. Kila pigo lilipita kwenye chuma likafika kwenye mfupa wa Momanyi. Niliona kwa macho yangu anavyoruka, na bado nikapiga, kwa sababu nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu na nyundo ni hatari kuliko mlevi mwenye panga.

Mama Bosibori akanishika mkono. Hakuwa mkubwa, lakini mikono ya mama anayesugua mawe maisha yake yote usiichezee. Akaitoa nyundo vidoleni mwangu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Nani amekukosea hapa?" akaniuliza kwa Kikisii. "Bolti? Au mwanangu?"

Nikaitazama ile bolti.

"Nimekuuliza wewe, mwana wa watu. Nani amekukosea?"

"Hakuna, Mama."

"Basi njoo unawe mikono."

Mwanangu, nilidhani amerukwa na akili. Mwanawe anageuka rangi, yeye ananiambia ninawe! Wale wanaume wakaguna. Yeye akanivuta mpaka kwenye karai, akanitia kipande cha sabuni kiganjani, akasema, "Mikono hii inateleza kwa grisi na inatetemeka kwa hasira. Yote mawili yanatoka kwa maji. Osha taratibu. Mimi ndiye mama yake, na mimi ndiye ninayekuambia taratibu."

Nikaosha. Alisimama pale mpaka povu lilipotoka jeupe. Na ajabu ni kwamba nilipokuwa nikisugua kucha, kichwa kikarudi mahali pake. Nikamkumbuka mzee wa mjini. Nikakumbuka kwamba bolti iliyoliwa kichwa bado ina kichwa. Ukiisugua kwa tupa pande mbili zilizoelekeana utapata mahali pa spana ndogo kushika.

"Nataka tupa," nikasema.

"Chukua yangu," Momanyi akajibu, akipumua kati ya meno. "Ile yenye mpini wa mti mwekundu."

Nikalala ubavu kwenye matope. Wale wawili wakaishikilia skuta isicheze hata kidogo. Mama Bosibori akachuchumaa upande wa pili mbele ya vidole vya mwanawe, akawa anavigusa kimojakimoja: "Kicheze hiki. Na hiki. Na hiki." Nami nikaanza kusugua.

"Si hivyo," Momanyi akasema. Yeye ndiye aliyebanwa, na yeye ndiye anayenielekeza! "Usiende huku na huku kama unayekuna kipele. Sukuma mbele, inua, rudisha. Sukuma, inua. Iache tupa ijilie chuma yenyewe."

Sukuma, inua, rudisha. Nilitamani kulia. Chuma kilitoka unga kidogo, kidogo, na kila nilipotaka kuharakisha nilisikia sauti ya mama upande wa pili, "Na hiki. Kicheze." Upande mmoja ukawa bapa. Nikageukia wa pili. Nilikuwa katikati nilipomsikia akisema, "Na hiki." Kisha akakigusa tena. "Momanyi, na hiki cha mwisho." "Hakichezi," akasema, na sauti yake haikubadilika, lakini nikamwona ameshika udongo kwa mkono mwingine.

Nikataka kuitupa tupa nichukue nyundo. Sikuichukua. Nikatia mafuta, nikajaribu spana ndogo, haikuingia. Nikasugua tena, nikajaribu, ikaingia kwa shida, nikaigonga kwa kiganja ikakaa imara. Nikavuta pumzi. Kisha nikaigeuza kwenda kulia.

"Unakaza!" mmoja wa wale wanaume akafoka. "Fundi gani wewe, unakaza!"

Momanyi akauma ukosi wa shati lake. Mama yake akanitazama machoni, kwa muda ambao nisingependa kuurudia, akasema, "Mwacheni. Amenawa."

Nikakaza kidogo tu. Bolti ikatoa sauti, kri, kama ganda la yai. Ilikuwa ni kutu inavunjika. Nikageuza kushoto, taratibu, ikafuata. Nikageuza tena, ikafuata. Nikaivuta kwa vidole vyangu vilivyo safi, shoku ikaanguka chini kama mzigo wa kuni, na mkono wa Momanyi ukatoka.

Tulimfikisha hospitali akiwa hai na mkono wake wote. Mfupa haukuvunjika. Kidole cha mwisho, kile kilichokataa kucheza, hakikukunjika tena mpaka leo. Asikudanganye mtu kwamba kilimfanya awe mchongaji bora. Kinamsumbua wakati wa baridi, na ameniambia hivyo mara nyingi bila kunionea haya, na ni haki yake. Lakini anachonga. Wadogo zake walisoma kwa mkono ule.

Mama Bosibori hakunitukana, na nilitamani anitukane. Siku nilipofungua gereji hii hapa Nyamache, nikamwona anashuka kwenye gari la soko na karai lake kichwani. Akaliweka pale mlangoni, akalijaza maji mwenyewe, akasema, "Kazi ikikataa, nawa." Akanywa chai, akarudi kwao. Sasa amelala, Mungu amrehemu. Karai nimeliziba matundu mpaka limekuwa viraka vitupu, lakini sitalitupa.

Basi sikiliza, mwanangu, nikuambie waziwazi, maana wewe ukifumbiwa unasinzia. Hasira hasara, hilo ulifundishwa shuleni. Ambalo hukufundishwa ni kwamba hasara yenyewe mara nyingi haimwangukii mwenye hasira. Humwangukia aliyeingiza mkono kukusaidia. Mtu akikuambia jiwe lina mshipa, liache, hata kama kazi yake ni kuchonga viboko. Yeye anayajua mawe. Kitu kilichoganda, kiwe chuma au moyo wa mtu, usikianze kwa nguvu. Kipe mafuta, kipe muda, na wakati mwingine kikaze kidogo kabla ya kukifungua. Na ukiona umeshakosea, umekwisha kula kichwa cha bolti na watu wanakutazama, usiongeze nyundo juu ya kosa. Inuka uende ukanawe. Aibu ya kunawa mbele za watu ni ndogo sana, ninakuapia.

Mungu akulindie vidole vyako vyote kumi, na zaidi akulindie vidole vya yule atakayekushikia kazi. Akupe mikono isiyotetemeka na mama wa kukunyang'anya nyundo.

Haya, bolti ya mwalimu bado inakungoja. Maji nimeshabadilisha. Nenda.